Moshi wa Viwanda na Usingizi: Kwa Nini Hewa ya Usiku Ihesabiwe Peke Yake

Watu wanaoishi jirani na viwanda, pamoja na wale wanaofanya kazi ndani yake, hulalamikia usingizi kwa namna mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Wapo wanaosema kwamba usingizi wanaupata lakini hauwashibishi: huamka mara kwa mara, koo limekauka, na asubuhi kichwa ni kizito. Wapo wengine ambao usingizi hauji kwa wakati wake, wakakodoa macho hadi alfajiri, kisha mchana wakasinzia kazini. Malalamiko ya kwanza yanahusu usingizi wenyewe, na ya pili yanahusu saa ya mwili, yaani utaratibu wa ndani unaoamua ni lini mwili ulale, uamke, upate njaa, upandishe joto na ulishushe. Uchafuzi wa viwandani unaweza kuhusika na yote mawili, ila kwa njia tofauti na kwa ushahidi wenye uzito tofauti. Anayeyazungumzia bila kuyatenganisha huishia ama kuwatisha watu kupita kiasi, ama kuyapuuza madhara yaliyo wazi.

Saa ya mwili si lugha ya picha tu. Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna vifungu viwili vidogo vya seli za neva vinavyotunza wakati wa mwili mzima. Jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli ilifumbuliwa kwanza kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda, na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey C. Hall, Michael Rosbash na Michael W. Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo. Kwa binadamu na wanyama wengine wanyonyeshao, protini mbili ziitwazo CLOCK na BMAL1 huungana na kuziamsha jeni zinazotengeneza protini nyingine, PER na CRY. Hizi za pili zikishakuwa nyingi hurudi na kuzizima zile za kwanza, kisha zenyewe huoza taratibu, na mzunguko huanza upya. Mzunguko mmoja huchukua takriban saa 24. Kwa binadamu wastani wake unazidi saa 24 kwa dakika chache, na kwa sababu hiyo saa hii hulazimika kurekebishwa kila siku, la sivyo ingechelewa kidogo kidogo hadi usiku ukawa mchana.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba saa hizi hazimo kwenye ubongo peke yake. Karibu kila seli ina ya kwake: mapafu yana saa, ini lina saa, moyo na figo vivyo hivyo. Ile ya ubongo ni kama mpiga ngoma anayeshika mdundo ili wengine wasipotee. Kwa hiyo, tunapouliza kama moshi unaharibu saa ya mwili, inatupasa kuuliza pia ni saa ipi, kwa kuwa mdundo wa mapafu unaweza kuvurugika huku ule wa ubongo ukiendelea sawasawa.

Mwanga, uchafuzi unaosahauliwa

Kinachorekebisha saa ya ubongo kila siku ni mwanga. Nyuma ya jicho zipo seli maalumu ambazo kazi yake kubwa si kuona sura za vitu bali kupima wingi wa mwanga, hasa ule wa buluu, na kuupelekea ubongo taarifa. Mwanga ukipungua jioni, tezi ya pineali huanza kumwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Mwanga ukimpata mtu usiku, melatonini hupungua na saa husogea. Taa kubwa za uani zinazowaka hadi asubuhi, na miali ya bomba la kuchomea gesi inayoangaza anga usiku kucha, ni uchafuzi wa kiwandani sawa na moshi. Kwa maoni yangu ndipo mjadala ungepaswa kuanzia, kwa sababu katika mambo yote yatokayo kiwandani, mwanga ndio pekee ambao uwezo wake wa kusogeza saa ya binadamu umethibitishwa kwa vipimo vya moja kwa moja, mara nyingi na katika maabara nyingi. Ni kweli kwamba mwanga unaopenya dirishani kutoka mbali mara nyingi ni hafifu kuliko taa ya chumbani kwa mtu mwenyewe. Hata hivyo, taa ya chumbani mtu huizima anapotaka, na ile ya kiwanda hana uwezo nayo.

Pumzi inapokatika

Moshi wenyewe huufikia usingizi kwanza kupitia pua na koo. Chembe zinazowasumbua zaidi wataalamu wa afya ni zile laini zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu, ambazo huitwa PM2.5. Unywele wa binadamu una kipenyo cha takriban mikromita 70, hivyo chembe hizi ni ndogo kuliko unywele mara 28 hivi, na hupita vizuizi vya pua hadi ndani kabisa ya mapafu. Zikiandamana na gesi kama naitrojeni dioksidi na salfa dioksidi, huwasha na kuvimbisha ngozi laini ya pua, koo na mirija ya hewa. Mtu aliye macho hukabiliana na hali hiyo bila hata kujua: hukohoa, humeza mate, hukaa wima, hupenga. Aliyelala hayafanyi hayo ipasavyo. Misuli inayoshikilia koo liwe wazi hulegea, pua iliyovimba huziba zaidi anapolala chali, na hamu ya kukohoa hupungua kadiri usingizi unavyokuwa mzito.

Mambo hayo yakikutana, pumzi huanza kukatika. Katika chumba cha kupimia usingizi, mgonjwa hulazwa na nyaya kichwani, mkanda kifuani na kipimo cha oksijeni kidoleni. Kwenye skrini huonekana kifua kikijitahidi kupanda na kushuka huku hewa haipiti puani. Sekunde 10 zinapita, 20, wakati mwingine zaidi ya 30. Namba ya oksijeni inashuka. Halafu ubongo unashtuka kwa muda mfupi sana, misuli ya koo inakaza, hewa inaingia kwa mkoromo mkubwa, na mgonjwa anarudi usingizini. Asubuhi hakumbuki lolote. Mwenye kukumbuka ni yule anayelala naye. Mtu anaweza kushtuka hivyo mara nyingi ndani ya saa moja, na akaamka akiamini kwamba amelala usiku mzima.

Uhusiano wa tatizo hili na hewa chafu umepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukiongozwa na Martha Billings, uliowahusisha watu 1,974 katika miji sita ya Marekani, ulilinganisha vipimo vya usingizi vya kila mshiriki na makadirio ya hewa ya mahali anapoishi. Kila ongezeko la mikrogramu 5 za PM2.5 kwa mita ya ujazo katika wastani wa mwaka liliambatana na ongezeko la takriban asilimia 60 katika uwezekano wa kuwa na tatizo la pumzi kukatika usingizini, na kila ongezeko la sehemu 10 kwa bilioni za naitrojeni dioksidi liliambatana na ongezeko la takriban asilimia 39. Namba hizi zisomwe kwa makini. Hazisemi kwamba asilimia 60 ya watu wanaougua wameuguzwa na moshi, na zimetokana na hewa ya mijini kwa jumla, ambayo magari huchangia sehemu kubwa. Zinachosema ni kwamba, hata baada ya kuzingatia umri, uzito wa mwili na hali nyingine kadhaa, wanaovuta hewa chafu zaidi hukutwa na tatizo hili zaidi.

Saa tisa usiku si sawa na saa tisa alasiri

Hapa ndipo penye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, na ambalo taarifa za uchafuzi huliruka. Usiku wenye utulivu, ardhi hupoa haraka na kuipoza hewa iliyo karibu nayo. Hewa hiyo baridi ni nzito, hubaki chini, na juu yake hukaa tabaka la hewa yenye joto zaidi. Moshi unaotoka kwenye bomba fupi, au unaovuja kwenye majengo na mashimo ya taka, hauwezi kupanda na kutawanyika kama mchana. Hubaki hapo hapo penye nyumba, ukijikusanya hadi jua litakapopasha ardhi tena. Kiwanda kinaweza kutoa kiasi kile kile cha moshi mchana na usiku, na bado jirani akavuta mwingi zaidi usiku.

Kwa upande mwingine, mwili nao haufanani saa zote. Saa ya mapafu huipanua na kuifinya mirija ya hewa kwa zamu: huwa mipana zaidi alasiri na myembamba zaidi kuelekea saa kumi alfajiri. Wenye pumu wanaijua saa hiyo vizuri, kwa kuwa ndipo wengi wao hukurupuka wakitafuta dawa. Kwa hiyo moshi mwingi zaidi hukutana na mirija myembamba zaidi, ya mtu aliyelala, ambaye hawezi kukohoa wala kuhama.

Sasa tazama jinsi namba zinavyoweza kulificha jambo hili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri kwamba wastani wa PM2.5 usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na mikrogramu 15 kwa saa 24. Tuchukue mfano wa kukadiria: mahali ambapo hewa ina mikrogramu 5 kwa saa 18 za siku, kisha ikapanda hadi 45 kwa saa sita za usiku. Ukijumlisha na kugawanya kwa 24, wastani ni 15 kamili. Kwenye karatasi, siku hiyo haikuvuka kiwango. Kitandani, mtu amevuta kwa saa sita hewa yenye chembe mara tatu ya wastani huo. Wanaoshughulikia kelele waliliona tatizo la namna hii zamani: mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya lilitoa mwongozo wa kelele za usiku peke yake, desibeli 40 nje ya nyumba, na mwaka 2018 likatoa viwango vya usiku vya kelele za barabarani, za reli na za ndege, kila moja na chake. Kwa chembe laini, hakuna kiwango cha usiku.

Sumu zinazogusa ubongo moja kwa moja

Baadhi ya kemikali haziihitaji njia ya koo. Mwaka 1856 daktari Mfaransa Auguste Delpech aliandika juu ya wafanyakazi wa mpira jijini Paris waliokuwa wakivuta mvuke wa kaboni daisalfaidi, ambao waliumwa vichwa, walibadilika tabia na kusumbuliwa na ndoto za kutisha. Sumu ya zebaki imejulikana kwa muda mrefu kwamba huleta kukosa usingizi pamoja na hasira na haya isiyo na sababu. Sumu ya manganizi, ambayo huwapata wachimbaji na wachomeleaji wa vyuma, wakati mwingine huanza kwa usingizi kuharibika na tabia kubadilika, kabla ya mwendo kuwa mgumu. Hizi ni dozi za ndani ya kiwanda, na si haki kuzihamisha moja kwa moja kwa jirani wa nje ya ukuta.

Madini ya risasi ni tofauti, maana huingia hadi kwenye damu ya watoto wasiowahi kukanyaga kiwandani, kupitia vumbi, udongo na nguo za wazazi. Katika mji wa Jintan nchini China, watafiti walipima risasi kwenye damu ya watoto wadogo, kisha wakawafuatilia hadi walipokaribia kubalehe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliokuwa na mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kukosa usingizi walipokuwa wakubwa, wakilinganishwa na wenzao.

Je, saa yenyewe huguswa?

Ushahidi ulioelezwa mpaka sasa, ukiondoa ule wa mwanga, unahusu usingizi kuvurugwa. Kwamba kemikali za viwandani huigusa saa yenyewe ni dai jingine, na lina mantiki nzuri ya kibaolojia. Katika seli zetu kuna protini iitwayo AHR, ambayo kazi yake mojawapo ni kutambua kemikali kama dayoksini, ile iliyojulikana duniani kote baada ya ajali ya kiwanda cha kemikali karibu na Seveso, Italia, Julai 1976, pamoja na kemikali nyingi zitokanazo na kuungua kwa makaa na mafuta. AHR ni ya ukoo mmoja na CLOCK na BMAL1, na kwa kawaida hufanya kazi kwa kuungana na mwenzake wa ukoo huo huo. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba AHR ikiamshwa na dayoksini inaweza kuungana na BMAL1, na hivyo kuinyang'anya CLOCK mwenziwe, na jeni ya PER ikaamshwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Katika panya, moshi wa sigara, ambao una kemikali nyingi zinazopatikana pia kwenye moshi wa viwandani, umeonekana kupunguza BMAL1 ndani ya mapafu na kuuvuruga mdundo wa kiungo hicho.

Hayo ni ya kweli, lakini panya huwa macho usiku na kulala mchana, hupewa mara nyingi dozi kubwa kuliko za mitaani, na mapafu yake si ubongo wake. Ili kusema kwamba saa ya binadamu fulani imesogea, haitoshi kumuuliza amelala saa ngapi. Kipimo kinachoaminika ni kumkalisha jioni kwenye mwanga hafifu, kuchukua mate yake kila baada ya nusu saa au saa moja, na kuona melatonini inaanza kupanda lini. Tafiti nyingi za jamii zinazoishi karibu na viwanda hutegemea dodoso, na dodoso huweza kusema mtu analala vibaya bila kuweza kusema kama ni pua yake, wasiwasi wake au saa yake. Kwa hiyo mimi husita kuandika kwamba moshi wa viwanda huvuruga saa ya mwili wa binadamu, ingawa naona kila sababu ya jambo hilo kuchunguzwa kwa vipimo vya kweli.

Uhusiano wa kinyume ndio ulio imara zaidi: saa ya mwili huamua sumu itadhuru kiasi gani. Mapema katika miaka ya 1960 Franz Halberg, mwanasayansi aliyezaliwa Romania na kufanya kazi Marekani, alionyesha kwamba dozi ile ile ya sumu ya bakteria iliua panya wengi ikitolewa saa fulani, na wachache ikitolewa saa nyingine. Vimeng'enya vya ini vinavyovunja kemikali hupanda na kushuka kwa saa. Mfanyakazi wa zamu ya usiku huvuta moshi wakati mwili wake haukujipanga kuupokea, na zamu yenyewe tayari ni mzigo: mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda husababisha saratani.

Zamu, kelele, taa, kipato kidogo na hofu ya ajali huandamana na moshi mahali pale pale, na ndiyo sababu ni vigumu kuutenga mmoja. Njia moja nzuri hutokea kiwanda kinaposimama. Kiwanda cha chuma katika Bonde la Utah, Marekani, kilifungwa kwa takriban mwaka mmoja kuanzia 1986, na C. Arden Pope akalinganisha majira: watoto waliolazwa hospitalini kwa matatizo ya kifua walikuwa wengi mara mbili hadi tatu wakati wa baridi ambapo kiwanda kilikuwa kikifanya kazi. Watu walikuwa wale wale, nyumba zile zile. Usingizi haukupimwa, lakini viwanda husimama kila mwaka kwa matengenezo, na kila kusimama ni nafasi ya kuupima.

Kuhusu harufu, ipo hatari isiyotajwa sana. Wengi huamini kwamba gesi ikivuja usiku harufu itawaamsha. Utafiti wa Mary Carskadon na Rachel Herz uliochapishwa mwaka 2004 uligundua kwamba waliolala usingizi mzito hawakuamshwa hata na harufu kali, ilhali sauti iliwaamsha. Haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai yaliyooza, ni mbaya zaidi kwa kuwa ikizidi hulemaza pua isinuse kabisa. King'ora kinachosikika vyumbani hakina mbadala.

Kwa aliye kitandani sasa hivi, swali la kwanza huwa ni dirisha: likifunguliwa moshi unaingia, likifungwa chumba kinajaa joto na hewa iliyokwisha kuvutwa. Majaribio ya Denmark yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba wanafunzi walilala vizuri zaidi chumba kilipoingizwa hewa ya kutosha, hivyo kufunga tu si suluhisho. Jaribio dogo la mwaka 2022 la mashine za kuchuja chembe chumbani lilipata ongezeko la usingizi la wastani wa dakika 12 kwa usiku, kwa watu wenye afya njema. Ni faida ya kiasi, na mashine hizo haziondoi gesi zisipokuwa na kaboni ya kunasa gesi. Kinachosaidia kwa gharama ndogo ni kujua saa: ukigundua moshi hukusanyika kati ya saa saba usiku na saa moja asubuhi, dirisha lifunguliwe alasiri na mapema jioni, lifungwe kabla ya moshi kushuka.

Saa hiyo haihitaji kubahatishwa. Vituo vya kisasa vya kupima hewa hurekodi chembe kila saa, na wastani wa siku na wa mwaka hupatikana kwa kuzijumlisha namba hizo hizo. Mkazi, daktari au diwani anayeomba takwimu za eneo lake aombe za kila saa, kisha azitenge za kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kuzipigia wastani wake.